Babu Zetu Katika Vita vya Wajukuu wa Malkia



Katika mwezi huu wa Ramadhan tunawakumbuka sana waliotutangulia. Wengi wao tunawajua kwa majina, na makaburi yao tunayajua. Lakini kuna kundi kubwa la wazee wetu wa Nyanza, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, ambao waliondoka kando ya ziwa hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita na hawakurudi. Hawana kaburi wala jiwe lenye majina yao. Wengi wao hawakushika hata bunduki. Walikufa wakiwa wamebeba mzigo.

Vita walivyofia viliitwa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, 1914 mpaka 1918. Shuleni tunafundishwa kwamba vilianza kwa sababu mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria aliuawa Sarajevo. Tunaandika hivyo kwenye mtihani, tunapata maksi, tunasahau. Lakini hebu tujiulize swali ambalo mwalimu huwa halileti: ilikuwaje risasi iliyopigwa Sarajevo ikamtoa kijana wa Kisumu nyumbani kwao, ikamtwisha mzigo kichwani na kumfikisha Rufiji?

Jibu lake si fupi, lakini lina manufaa kwetu vijana. Twende pole pole.

BIBI MMOJA, WAJUKUU WAWILI

Ziwa letu Wajaluo wanaliita Nam Lolwe. Mwaka 1858 Mwingereza aitwaye John Hanning Speke alifika upande wake wa kusini, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Sasa malkia huyo alikuwa na wajukuu wengi, na wawili kati yao tuwatie akilini. Mmoja ni Wilhelm wa Pili, aliyekuwa Kaizari wa Ujerumani tangu 1888. Wa pili ni George wa Tano, aliyekuwa mfalme wa Uingereza tangu 1910. Kwa hiyo vita vilipokuja kwenye ziwa lililopewa jina la bibi, waliokuwa wakipigana ni wajukuu zake.

Kabla ya kupigana waligawana. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziliandikiana mkataba, wakapiga mstari kutoka pwani karibu na mto Umba, ukauzunguka mlima Kilimanjaro, ukaja kugonga ziwa letu. Mwaka 1890 wakauendeleza mstari huo juu ya maji mpaka ng'ambo ya magharibi. Kisumu na Kisii zikabaki upande wa Mwingereza. Mwanza na Bukoba zikawa za Mjerumani. Wajaluo na Wakuria walijikuta wengine huku, wengine kule, na hakuna aliyewauliza.

Mkataba ule ulileta amani ya miaka kadhaa, lakini kule Ulaya hofu ilikuwa inapanda. Ujerumani iliungana kuwa dola moja mwaka 1871, na kabla karne haijaisha viwanda vyake vilikuwa vinatoa chuma cha pua kingi kuliko vya Uingereza. Uingereza nayo nguvu yake ilikuwa baharini. Ujerumani ikapitisha sheria za kujenga manowari kubwa mwaka 1898 na tena mwaka 1900. Uingereza ikajibu mwaka 1906 kwa kushusha majini manowari iitwayo Dreadnought, ambayo kwa ukubwa wa mizinga na kasi yake ilizifanya manowari zote za zamani zionekane mitumbwi. Ujerumani nayo ikaanza kujenga za namna hiyo hiyo.

Kila mmoja alisema anajikinga tu. Na pengine kila mmoja aliamini anavyosema. Ni kama majirani wawili hapa Kaloleni: mmoja akiweka soja mmoja langoni, mwenzake anaona kuna jambo, anaweka wawili. Yule wa kwanza akiona wawili, anaongeza wa tatu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyetukana, lakini baada ya mwaka mmoja mtaa mzima hauna usingizi.

Wakaanza pia kushikana mikono makundi makundi. Ujerumani na Austria-Hungaria upande mmoja. Urusi na Ufaransa upande wa pili. Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904, kisha na Urusi mwaka 1907. Makundi haya yalikusudiwa kumtisha adui asithubutu. Matokeo yake ni kwamba ugomvi wa wawili ulikuwa sasa ni ugomvi wa wote.

RELI, MELI NA RATIBA

Vita vya zamani vilikuwa na mipaka yake. Jeshi lilikwenda kwa miguu, likala linachokikuta njiani, na msimu wa kilimo ukifika watu wanarudi shambani. Viwanda ndivyo vilivyoondoa mipaka hiyo. Reli iliweza kupeleka watu milioni moja mpakani kwa siku chache. Kiwanda kiliweza kutoa mabomu ya mizinga usiku na mchana. Kule Ufaransa, kwenye mapigano ya mto Somme mwaka 1916, Waingereza walirusha mabomu zaidi ya milioni moja na nusu kwa muda wa wiki moja tu kabla ya askari wao kusonga mbele. Halafu siku ya kwanza ya kusonga, tarehe 1 Julai, askari wao zaidi ya 19,000 waliuawa. Siku moja tu, ndugu msomaji.

Lakini jeshi linalotegemea reli linatawaliwa na ratiba. Treni ya kwanza ikitoka saa fulani, ya pili lazima ifuate, na ukisimamisha moja unavuruga zote. Wajerumani walikuwa wamepanga kwamba vita vikizuka wataishinda Ufaransa kwanza, kwa wiki kama sita, kisha wageuke kwa Urusi. Tarehe 1 Agosti 1914 Kaizari Wilhelm alipata wazo kwamba pengine Ufaransa na Uingereza zitakaa kando, akamwambia mkuu wa jeshi lake, Moltke, ageuze majeshi yote yaelekee Urusi. Moltke akamjibu kwamba haiwezekani, mpango umekwisha pangwa. Tazama jambo hilo! Mfalme mwenye amri juu ya mamilioni ya watu, na ratiba ya treni ilikuwa na nguvu kuliko yeye.

Tarehe 3 Agosti Ujerumani ikatangaza vita na Ufaransa, na tarehe 4 Uingereza ikaingia.

Sasa turudi kwetu. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu Desemba 1901. Mji wenyewe wakati huo waliuita Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Uingereza ilitumia zaidi ya pauni milioni tano. Je, walitumia fedha zote hizo kwa ajili ya kutuletea sisi gari moshi? La. Waliogopa dola nyingine ya Ulaya isije ikashika chimbuko la mto Naili, kwa sababu mwenye chimbuko anaweza kuitisha Misri, na Misri ndiyo yenye Mfereji wa Suez, na Suez ndiyo njia ya kwenda India. Kwa hiyo reli iliyoujenga mji wetu ilikuwa tangu mwanzo ni mtoto wa mashindano ya wakubwa.

Kisha zikaja meli. Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza na nyinginezo zilitengenezwa Uingereza vipande vipande, zikapakiwa kwenye meli za bahari, zikapanda reli mpaka hapa, na zikaungwa kwenye gati yetu ya Kisumu. Zilibeba pamba, ngozi na abiria. Upande wa pili Mjerumani naye alijenga reli: ya Tanga ilikuwa imefika Moshi kufikia 1912, na ile ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Zote ziliitwa reli za biashara. Lakini siku ya vita reli haiulizi inabeba pamba au risasi.

VITA VYAFIKA ZIWANI

Inafaa tujue kwamba hata baadhi ya wakoloni wenyewe hawakuvitaka vita huku. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulitoa nafasi ya nchi za eneo hili kubaki kando ikiwa Ulaya itapigana. Gavana wa Ujerumani Dar es Salaam, Heinrich Schnee, alitamani hivyo. Lakini mashine ilikuwa imeshawashwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza ilipiga mabomu Dar es Salaam. Tarehe 15 Wajerumani wakaiteka Taveta.

Mwezi uliofuata ikawa zamu yetu. Kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kwa upande wa kusini mwa Nyanza na kuingia mji wa Kisii. Waingereza wakawapakia askari wa KAR, ambao wazee huwaita Keya, kwenye meli hapa Kisumu, wakawashusha Kendu Bay, wakapanda milima kwa miguu. Tarehe 12 Septemba 1914 wakapigana Kisii siku nzima. Kapteni wa Waingereza, Thornycroft, aliuawa. Wajerumani nao waliumia sana, wakaondoka.

Na wenyeji je? Wakisii waliona wazungu wa pande zote mbili wameuacha mji. Wakaingia kuchukua vitu katika ofisi, maduka na misheni. Pengine walidhani utawala wa kigeni umekwisha. Waingereza waliporudi waliwaadhibu vikali: nyumba zilichomwa, watu waliuawa na ng'ombe wakachukuliwa. Kwa hiyo vita vilikuwa na umri wa mwezi mmoja na nusu tu, na Mkisii alikuwa ameshapata hasara mara mbili bila kutangaza vita na mtu yeyote.

Ziwani nako meli za pamba ziligeuzwa za vita. Wajerumani walikuwa na meli ndogo iitwayo Muansa, wakaifunga mzinga, nayo iliifukuza Winifred kule Karungu. Waingereza nao wakazifunga zao mizinga. Sybil ilikwama upande wa Wajerumani mwaka 1914, na mwaka 1915 Waingereza wakaenda kuikokota. Juni 1915 jeshi zima likapakiwa hapa Kisumu, Waingereza, Wahindi na Keya, likavuka ziwa na kuipiga Bukoba tarehe 22 na 23. Walikwenda kuvunja mtambo wa simu isiyo na waya ambao Wajerumani waliutumia kupashana habari. Mtambo ukavunjwa, na mji wa Bukoba ukaporwa na askari. Mvuvi wa Bukoba hakuwa na simu ya kuvunja, lakini mji ulikuwa wake.

MASHINE ILIPOKWAMA

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kule Ulaya reli na magari vilifika mpaka karibu kabisa na mahandaki. Huku kwetu reli ziliishia mapema, na baada ya hapo ni pori. Jenerali Smuts alipokuja mwaka 1916 na majeshi ya Afrika Kusini, alileta farasi na magari. Mbung'o wakawaua farasi kwa maelfu. Mvua zikayazamisha magari matopeni. Lakini vita havikusimama. Wakubwa walitaka vita vya viwanda mahali ambapo viwanda havifiki, kwa hiyo nafasi ya injini ikachukuliwa na shingo ya mwanadamu.

Tufanye hesabu ndogo. Mpagazi alibeba kama kilo 25, yaani nusu mfuko wa simenti. Na yeye mwenyewe lazima ale, tuseme kilo moja ya unga kwa siku. Ikiwa askari wako umbali wa siku kumi, kwenda na kurudi ni siku ishirini, basi mpagazi mmoja atakula kilo ishirini. Sasa unataka kupeleka sanduku moja la risasi la kilo 25. Aliyebeba risasi hawezi kula risasi, lazima wengine wambebee chakula, na hao wanaobeba chakula nao wanakula. Ukipiga hesabu vizuri utakuta unahitaji watu watano: mmoja wa risasi, na wanne wa kubeba chakula cha wote watano. Watu watano kwa sanduku moja! Na jeshi likisonga mbele zaidi, hesabu inazidi kuwa mbaya.

Ndiyo sababu Waingereza walihitaji wapagazi wengi kuliko askari. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki walitumia wapagazi wapatao milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo, Nyasaland na kwingineko. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya Kariakoo. Jina liko Dar es Salaam mpaka leo, na Nairobi liko kama Kariokor. Tunapita sokoni tunanunua viatu na ndizi, hatukumbuki kwamba jina lile ni la kambi za watu waliokwenda kufa.

Mwanzo walitafutwa wa hiari. Hawakutosha. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwachukua kwa nguvu. Mwaka 1917, vita vilipoelekea kusini kabisa, kazi ya kukusanya watu ikapewa John Ainsworth, ambaye alikuwa mkuu wa jimbo letu la Nyanza na aliyewajua vizuri machifu wote. Chifu alipewa idadi, chifu akampa mkuu wake wa kijiji idadi, na kijana akachukuliwa usiku. Nyanza ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa watu wengi mno. Mshahara ulikuwa rupia tano au sita kwa mwezi.

Wengi hawakuuawa kwa risasi. Mtu aliyezoea mtama na samaki alipewa unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, kwa sababu kuni zililowa na muda haukuwepo. Mganda aliyelelewa kwa matoke naye akapewa huo huo. Matumbo yakaharibika, kuhara damu kukawamaliza, na malaria na nimonia vikaja juu yake. Kwa hesabu rasmi za Waingereza, wapagazi waliokufa ni karibu 95,000, na wanahistoria wengi wanaona walizidi 100,000. Wajerumani nao, chini ya Lettow-Vorbeck, waliwachukua watu kwa nguvu na kuzoa chakula vijijini. Ugogo ilipata njaa kali ambayo wenyewe waliiita Mtunya, na majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamepita kuchukua nafaka na ng'ombe wao.

Tuna methali isemayo wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ni ya kweli, lakini katika habari hii haitoshi. Nyasi huumia kwa sababu ziko chini ya miguu ya tembo. Wazee wetu walitafutwa, wakahesabiwa, wakafungwa mzigo na kupelekwa mahali tembo wanapopigania, kwa sababu bila wao tembo wasingeweza kupigana hata siku moja.

JIHADI ILIYOANDALIWA BERLIN

Vijana wenzangu, sehemu hii tuisome kwa makini kwa sababu inahusu dini yetu.

Mwaka 1898 Kaizari Wilhelm alizuru Damascus, akasimama kwenye kaburi la Salahuddin na kujitangaza rafiki wa Waislamu milioni 300 duniani. Dola ya Uthmaniya ilipoingia vitani upande wa Ujerumani, Novemba 1914 ikatangazwa jihadi kutoka Istanbul dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Berlin ilifurahi sana, kwa kuwa Waislamu wengi walikuwa chini ya tawala za maadui zake. Matangazo ya jihadi hiyo yalisambazwa mpaka kwa Waislamu wa Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Sasa angalia. Mwaka 1913, mwaka mmoja tu kabla yake, serikali hiyo hiyo ya Gavana Schnee ilikuwa imewaandikia maofisa wake ikiwauliza ni njia gani zinaweza kutumika kuzuia Uislamu usienee. Mwaka mmoja Uislamu ni hatari ya kuzuiwa. Mwaka unaofuata ni silaha ya kuazima. Dini haikuwa imebadilika, haja yao ndiyo iliyobadilika.

Waingereza nao hawakuwa bora zaidi. Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar aliwahimiza Waislamu wawe pamoja na Mwingereza. Kule Uarabuni, Waingereza walimwahidi Sharif Hussein wa Makka dola ya Waarabu ili awaasi Waturuki, naye akaasi Juni 1916. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeshagawana nchi hizo kwa siri.

Na katikati yao ni Waislamu wa kawaida. Upande wa Keya walikuwepo Wanubi, ambao wazao wao wako Kibera na hapa kwetu Kibos. Upande wa Wajerumani askari wengi walikuwa Waislamu vile vile. Walisali kuelekea kibla kimoja, kisha wakalengana bunduki. Kulikuwa pia na kikosi cha Wabaluchi kutoka India, cha 130. Januari 1915 wakiwa Rangoon baadhi yao walikataa kwenda kupigana na Waislamu wenzao wa Uturuki. Wakaadhibiwa, na kikosi kikaletwa Afrika Mashariki. Huku nako, waliowakuta mbele ya bunduki zao wengi walikuwa Waislamu. Mtu akiingia katika vita vya wakubwa, hata dhamiri yake njema haipati njia ya kutokea.

HESABU BAADA YA VITA

Vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku habari zilichelewa, na Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Homa kali ya mafua ilifuata mwaka huo huo, na njaa juu yake.

Waliorudi walipata zawadi gani? Askari wazungu waligawiwa mashamba kwa mpango maalumu wa mwaka 1919. Mwafrika aliyebeba mizigo yao alivishwa kipande shingoni, na kodi ya kibanda ikapanda. Mwaka 1920 nchi ikafanywa koloni kamili. Kuhusu waliokufa, mishahara yao mingi haikulipwa kwa sababu jamaa zao hawakupatikana. Oscar Watkins, aliyewasimamia wapagazi wakati wa vita, alidai fedha hizo zitumike kwa manufaa ya watu wao. Serikali ya Uingereza ilikataa.

Lakini watu walikuwa wamefunguka macho. Walikuwa wamemwona mzungu akiogopa, akiugua na kuuawa na mzungu mwenzake. Desemba 1921 watu wa Nyanza walikutana Lundha, wakapinga kipande, kodi na ukoloni, na harakati ile ikaitwa Piny Owacho, maana yake nchi imesema.

Sanamu za ukumbusho zilijengwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Majina ya watu hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, vita vikubwa haviji ghafla kama radi. Vilijengwa miaka mingi, reli kwa reli na manowari kwa manowari, na watu waliosema wanajikinga. Mauaji ya Sarajevo yalikuwa kiberiti tu. Petroli ilikuwa imeshamwagwa. Na mwaka 1939 waliwasha tena, na vijana wetu wakapelekwa mpaka Burma. Kwa hiyo ukisikia leo mataifa makubwa yanashindana kurundika silaha, usiseme ni habari za mbali. Mwaka 1914 nazo zilikuwa habari za mbali.

Pili, tujihadhari na mkubwa anayeipenda dini yetu ghafla siku anayohitaji askari. Tumuulize jana alikuwa anasema nini, na kesho atakuwa na haja gani. Jihadi ina masharti yake kwa wanazuoni, haitangazwi kwa maslahi ya Kaizari wala mfalme.

Tatu, hili ni la kufanya Ramadhan hii hii, si lazima tungoje tume ya mtu. Baada ya tarawehe kaa na bibi au mzee wa nyumbani kwenu, umuulize: nani katika ukoo wetu alikwenda Kariakoo? Nani alikuwa Keya? Aliondoka wapi, alirudi au hakurudi? Andika katika daftari jina, ukoo na kijiji. Wale waliomshika walimwandika idadi tu, na mzigo wake wakaupima kwa ratili. Jina lake hawakulitaka. Sisi ndio wenye jina, na wanaolikumbuka wanapungua kila mwaka.

Inshallah daftari hizo zikijaa, watoto wetu wa Kaloleni wakiulizwa darasani Vita Vikuu vilikuwa vya nani, watajibu kuhusu Sarajevo wapate maksi zao, kisha watataja na jina la babu.

Wabillahi tawfiq.